Mwili Unavyobadilika Uzeeni

Umekwisha kujifunza kwamba mtoto huongezeka kimo na uzito mpaka awe mtu mzima. Je, mabadiliko ya mwili huishia hapo? Hayaishii. Katika somo hili utajifunza jinsi mwili wa mtu unavyobadilika anapozeeka, na sababu za mabadiliko hayo.

1. Wapagazi wa Tabora

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo, katika karne ya 19, bidhaa zilisafirishwa kwa misafara ya miguu. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kuelekea pwani, na wakarudi na vitambaa na shanga. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa na uzito wa kilo 30 hivi. Safari ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilichukua yapata miezi mitatu.

Kazi hiyo ilihitaji mifupa imara, misuli yenye nguvu na moyo uwezao kusukuma damu kwa kasi. Mpagazi alipozeeka hakuweza tena kubeba mzigo ule ule. Hakuwa amegeuka mvivu. Mwili wake ulikuwa umebadilika.

2. Mifupa na misuli

Mfupa ni kitu hai. Wakati wote mwili huondoa sehemu za mfupa zilizochakaa na kujenga nyingine mpya. Katika ujana ujenzi huzidi uondoaji. Katika uzee uondoaji huzidi ujenzi, kwa hiyo mifupa hupungua uzito na huvunjika kwa urahisi. Upungufu huu huwa mkubwa zaidi kwa wanawake.

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini. Visahani hivyo hupoteza maji na kuwa vyembamba. Ndiyo sababu mzee hupungua kimo, na pengine mgongo wake hupinda. Misuli nayo husinyaa, hasa isipotumiwa. Mzee anayetembea na kufanya kazi nyepesi kila siku hudumisha nguvu kuliko yule anayekaa tu.

Jambo la kufanya: Kaa kitini, kunja mikono kifuani, kisha simama bila kujishika. Ni misuli gani iliyofanya kazi? Sasa eleza kwa nini babu hushika mkongojo kabla ya kusimama.

3. Ngozi na nywele

Rangi ya nywele hutengenezwa na seli zilizomo katika mashina yake. Seli hizo zikiacha kufanya kazi, nywele huota zikiwa nyeupe. Hizo ndizo mvi. Ndani ya ngozi mna nyuzi zinazovutika. Nyuzi hizo zikipungua, ngozi hulegea na kufanya makunyanzi.

Jambo la kufanya: Finya taratibu ngozi ya nyuma ya kiganja chako, kisha iachie. Inarudi upesi? Mwamkie bibi au babu, umwombe ruhusa, ufanye vivyo hivyo kwake. Utaona kwamba ngozi yake hukawia kurudi.

4. Macho na masikio

Ndani ya jicho mna lenzi. Lenzi ya kijana ni laini, nayo hubadilika umbo ili aone vitu vya karibu na vya mbali. Baada ya umri wa miaka 40 hivi, lenzi huwa ngumu, na mtu huanza kushika kitabu mbali ili aweze kukisoma. Masikio nayo hupoteza kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba. Kwa hiyo, unaposema na mzee, mkabili usoni na useme polepole. Usimpigie kelele.

5. Muuguzi anavyompima mzee

Uzee si ugonjwa, lakini wazee huugua. Muuguzi hodari hutambua lipi ni badiliko la uzee na lipi ni ugonjwa.

Mtoto aliyepungukiwa na maji huweza kutambuliwa kwa kufinya ngozi yake. Njia hiyo haimfai mzee, kama ulivyoona katika jaribio lako. Muuguzi hutazama pia kama kinywa chake ni kikavu, na humwuliza kama anakojoa kidogo. Mzee huweza kupungukiwa na maji bila kusikia kiu. Kwa hiyo mpe maji mara kwa mara, hasa katika miezi ya Septemba na Oktoba, joto la Tabora linapokuwa kali.

Vilevile mzee huweza kupata ugonjwa mkubwa bila kuwa na homa kali. Mzee aliyekuwa na akili timamu jana, na leo ghafla hajui alipo, asiachwe nyumbani kwa kudhaniwa kuwa ni uzee tu. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Mtu asiyeona kwa sababu ya mtoto wa jicho pia asikate tamaa, kwani lenzi iliyofifia huweza kuondolewa hospitalini kwa upasuaji.

6. Macho mekundu

Kuanzia miaka ya 1970, katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Tabora, wazee wengi, hasa wanawake, waliuawa baada ya kusingiziwa uchawi. Baadhi yao walishukiwa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu.

Sayansi inaeleza wekundu huo. Katika sehemu nyeupe ya jicho mna mishipa midogo sana ya damu. Moshi ukiingia machoni, mishipa hiyo hutanuka na jicho huonekana jekundu. Mwanamke aliyepika kwa kuni au samadi kavu, katika jiko lisilo na madirisha, kwa miaka 50, ameingiwa na moshi karibu kila siku ya maisha yake. Ugonjwa wa vikope pia huleta wekundu, kwa maana huweza kugeuza kope zikaelekea ndani na kukwaruza jicho. Ugonjwa huu hutibiwa.

Basi, macho mekundu ni alama ya moshi au ya ugonjwa. Si alama ya uchawi. Bibi mwenye macho hayo ahitaji jiko lenye dirisha na dawa ya hospitali.

Maswali

1. Kwa nini mzee hupungua kimo?
2. Mvi hutokea kwa sababu gani?
3. Kwa nini kufinya ngozi si njia nzuri ya kumpima mzee aliyepungukiwa na maji?
4. Taja mambo mawili yanayofanya macho kuwa mekundu.
5. Mtu anasema kwamba kikongwe wa jirani ni mchawi kwa kuwa macho yake ni mekundu. Utamweleza nini?