Asilimia 96 ya Mkonge Tunayoimwaga

Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kulikwangua, zinazobaki za kuanikwa ni singa tu, takriban asilimia 4 ya uzito wake. Asilimia 96, yaani maji na nyama ya jani, humwagwa. Ndivyo zao hili lilivyoendeshwa kwa muda mrefu tangu Richard Hindorf alilete Tanga mwaka 1893.

Kumwaga huko kuna gharama. Maji yake machachu yakifika mtoni humaliza oksijeni, samaki wakafa. Mabaki yaliyorundikwa huoza na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule kwa kipindi cha miaka 100.

Lakini methani huwaka. Mwaka 1776 Mwitaliano Alessandro Volta alikusanya mapovu yaliyotoka kwenye tope la Ziwa Maggiore, akaonyesha kwamba gesi ile inashika moto. Baadaye wanasayansi waligundua watengenezaji wake: vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni, vya aina ileile ya wale walio tumboni mwa ng'ombe. Hufanya kazi kwa kupokezana. Wa kwanza huvunja wanga kuwa sukari, wanaofuata huigeuza sukari kuwa asidi, na wa mwisho hula asidi hiyo na kutoa methani. Mwanadamu anachotakiwa kufanya ni kuyafungia mabaki kwenye tangi lisilopitisha hewa, lenye joto la kutosha, na kutowalisha vijidudu kupita kiasi. Asidi ikizidi, wale wa mwisho hufa na gesi hukoma.

Haya yamefanyika Hale, wilayani Korogwe. Kampuni ya Katani, ikisaidiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNIDO, ilijenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge, ukazinduliwa mwaka 2008. Mita moja ya ujazo ya bayogesi hutoa takriban uniti 2 za umeme, na tope linalobaki ni mbolea, kwa kuwa naitrojeni, fosforasi na potasiamu haziondoki na gesi.

Kwa hiyo karibu kila shamba lenye korona lina kiwanda cha nishati ambacho hakijajengwa. Kikijengwa, bomba la kwanza lielekezwe jikoni kwa wafanyakazi wa shamba, ambao hadi leo wengi wao wanapika kwa kuni na kuvuta moshi wake.