Kazi ya pili ya mbunge: kuiuliza serikali juu ya misitu, mito na mvua

Wengi wetu tungali tunaikumbuka tarehe 4 Mei 2023. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko kule Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Mvua ilinyesha kwa nguvu, mito ikajaa, na maji pamoja na mawe na udongo yakashuka kutoka milimani, yakafagia nyumba za Nyamukubi na Bushushu mpaka ziwani Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawajaonekana mpaka leo.

Baada ya msiba huo, wanasayansi wa nchi mbalimbali walijaribu kupima kama mabadiliko ya tabianchi yaliiongezea nguvu mvua ile. Hawakuweza kutoa jibu la hakika. Sababu yake inatuhusu sana: vituo vya kupima mvua katika eneo letu ni vichache mno, na hesabu za miaka iliyopita hazitoshi. Tulitafakari jambo hili. Mvua inaua watu zaidi ya 400, na nchi haina hesabu ya mvua yenyewe.

Kituo cha kupima mvua si muujiza. Kinahitaji kifaa, mtu wa kukisoma kila asubuhi, na mshahara wa mtu huyo. Kwa maneno mengine, ni mstari mmoja katika bajeti ya serikali. Bajeti hiyo inapita mikononi mwa wabunge, wale tunaowaita madepite, ambao sisi wenyewe tunawapigia kura. Ndiyo maana leo tunataka kueleza kazi moja ya bunge ambayo watu wengi hawaijui, nayo ni kazi ya kuichunguza serikali.

Bunge lina kazi mbili

Ukimuuliza mtu mtaani mbunge anafanya kazi gani, atakujibu: anatunga sheria. Wengine watasema: anatuletea mabati na mipira wakati wa kampeni. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 100, inataja kazi mbili pamoja: bunge linapiga kura juu ya sheria, tena linaichunguza serikali, makampuni ya serikali na idara za umma. Kazi hii ya pili ina uzito sawa na ile ya kwanza.

Kifungu cha 138 kinataja vyombo vya kazi hiyo. Mbunge anaweza kumuuliza waziri swali kwa mdomo au kwa maandishi. Anaweza kuuliza swali juu ya jambo lililotokea siku hizi. Anaweza kumwita waziri aje kujieleza mbele ya wabunge wote. Kamati ya bunge inaweza kumwita waziri au mkuu wa idara imsikilize. Na bunge linaweza kuunda tume ya uchunguzi, itoke Kinshasa iende mahali penyewe, ione na kuandika ripoti.

Kama majibu hayaridhishi, kuna mosio. Baraza la Wabunge lina watu 500. Mosio ya kumwondoa waziri mmoja inahitaji sahihi za sehemu moja ya kumi, maana yake wabunge 50. Ya kuiangusha serikali yote inahitaji sahihi za robo yao, yaani 125. Kisha inapigiwa kura. Katika majimbo pia, bunge la jimbo lina mamlaka ya kumchunguza liwali na mawaziri wake.

Sheria nzuri tunazo

Kuhusu mazingira, nchi yetu haikosi maandishi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, tena ana wajibu wa kuyalinda. Tuna Kanuni ya Misitu ya mwaka 2002. Tuna sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya ulinzi wa mazingira, inayodai kwamba mradi mkubwa uchunguzwe madhara yake kabla haujaanza. Tuna sheria ya mwaka 2014 juu ya hifadhi ya viumbe, na Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018.

Shida inaanza baada ya sahihi. Tuchukue mfano ambao kila mtu wa Bukavu anaufahamu. Tarehe 30 Desemba 2017 serikali ilitoa amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Lakini sokoni muuzaji wa nyanya bado anafunga kwenye sashe. Sashe inatupwa mferejini, mvua inaipeleka ziwani, na maji yanaisukuma mpaka mto Ruzizi, mahali penye mitambo ya umeme. Kila mara wafanyakazi wa umeme wanalazimika kutoa takataka zinazoziba mitambo, na sisi tunakaa gizani.

Hapa hatuhitaji amri mpya. Tunahitaji mbunge asimame amuulize waziri: tangu amri hiyo itoke, ni sashe ngapi zimekamatwa mpakani? Ni nani anayeziingiza? Faini zilizolipwa zilikwenda katika sanduku gani? Waziri akijua kwamba kila Aprili ataulizwa hivyo mbele ya taifa, atawauliza wakubwa wa forodha mwezi wa pili. Hivyo ndivyo uchunguzi wa bunge unavyobadilisha mambo: unampa mtu wa serikali sababu ya kutimiza alichoandika.

Bajeti, misitu na mafuta

Kuna mahali patatu ambapo maswali ya wabunge yana nguvu ya pekee.

Pa kwanza ni bajeti. Kila mwaka serikali inapaswa kuleta mradi wa bajeti kwenye Baraza la Wabunge kabla ya tarehe 15 Septemba kupita. Hapo mbunge anaweza kuuliza: vituo vya mvua viko wapi katika karatasi hizi? Pesa za kupanda miti milimani ni ngapi? Lakini swali kubwa zaidi linakuja mwaka unaofuata: zile pesa mlizoandika, zilitoka kweli? Mara nyingi tarakimu ni nono kwenye karatasi na sanduku ni tupu. Mahakama ya Hesabu, inayokagua matumizi ya pesa za umma, inawasaidia wabunge kulinganisha pesa zilizoandikwa na pesa zilizotumiwa.

Pesa za kutoka nje nazo zinahitaji jicho hilo. Mnamo Novemba 2021, kule Glasgow, nchi yetu na wafadhili wa misitu ya Afrika ya Kati walitia sahihi ahadi ya dola milioni 500 kwa miaka 5. Kijiji kinachokaa ndani ya msitu kina haki ya kujua sehemu gani ya pesa hizo imefika kwake.

Pa pili ni misitu yenyewe. Kongo ina zaidi ya nusu ya msitu mkubwa wa bonde la mto Kongo, msitu unaovuta hewa chafu na kutuletea mvua. Tangu mwaka 2002 serikali ilisimamisha utoaji wa vibali vipya vikubwa vya kukata mbao. Katazo hilo lilitiwa nguvu tena kwa amri ya mwaka 2005. Lakini mwezi wa Aprili 2022 ripoti ya Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ilitolewa hadharani, ikaonyesha kwamba mawaziri waliofuatana waligawa vibali kinyume cha katazo hilo. Tuseme wazi: ukaguzi huo uliufanya mkono wa serikali yenyewe, si bunge. Kwa miaka mingi, waliochaguliwa kuuliza hawakuuliza vya kutosha.

Pa tatu ni mafuta ya petroli. Julai 2022 serikali iliweka mnadani vitalu 30 vya mafuta na gesi, vingine vikigusa Hifadhi ya Virunga na ardhi yenye majimaji ya bonde la kati, ambayo chini yake kuna kaboni nyingi sana. Oktoba 2024 mnada wa vitalu 27 vya mafuta ulifutwa. Mwaka 2025 mpango mpya wa vitalu 52 ukatangazwa. Kila mara mambo yanaamuliwa juu, nasi tunasikia kwa redio. Jambo zito hivi, linalogusa wavuvi, wakulima na watoto ambao bado hawajazaliwa, linastahili kujadiliwa mbele ya bunge kabla ya kutangazwa.

Je, maswali ya bunge yanazaa matunda?

Wengine watasema: hao wabunge wanatetea mifuko yao, mnapoteza wakati. Hatutaki kumdanganya mtu. Mwaka 2005 tume ya bunge iliyoongozwa na Christophe Lutundula ilimaliza kuchunguza mikataba iliyotiwa sahihi wakati wa vita. Ilifanya kazi ngumu, ikataka mikataba mingi ipitiwe upya au ifutwe. Ripoti ile haikujadiliwa katika kikao cha wabunge wote. Iliwekwa pembeni. Wengi wa chama kinachotawala wakikubaliana kunyamaza, hakuna chombo cha Katiba kinachojiendesha chenyewe.

Lakini kuna upande mwingine. Tunakumbuka kodi ya RAM, ile iliyokuwa ikikata uniti zetu za simu. Watu walilalamika, mashirika ya raia yakaandika, na mwaka 2021 waziri akaitwa bungeni kujibu. Maswali yalikuwa makali na nchi nzima ilifuatilia. Mwaka uliofuata kodi hiyo ikaondolewa. Hata ripoti ya Lutundula haikufa kabisa: ilijulikana kwa watu, na mwaka 2007 serikali ilipounda tume ya kupitia upya mikataba ya madini, haikuanzia gizani.

Tofauti ya mambo hayo mawili inatufundisha. Kodi ya RAM iliguswa na kila mwenye simu, na kila mwenye simu alisema. Msitu hauna simu. Mto hauna kadi ya kura. Usipopata watu wa kuusemea, mbunge hataona faida ya kuuliza.

Sisi tufanye nini?

Katika Injili kuna habari ya mjane aliyemwendea hakimu asiyemcha Mungu wala kujali watu. Hakuwa na pesa wala ndugu mkubwa. Alikuwa na jambo moja tu: alirudi, akarudi tena, mpaka akasikilizwa. Kazi ya raia mbele ya mbunge inafanana na ile ya mjane.

Vikao vya kawaida vya bunge ni viwili kwa mwaka: kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, na kuanzia 15 Septemba hadi 15 Desemba. Katikati, wabunge wanarudi kwa watu waliowachagua, kisha wanaandika ripoti ya waliyosikia. Huo ndio wakati wa kuwakaribisha katika parokia, si kwa kuwapa kiti cha mbele na wimbo, ila kwa kuwakabidhi swali lililoandikwa. Swali zuri linataja mahali, tarehe na jambo lililoonekana. “Mto wetu umechafuka” ni kilio. “Tangu mwezi wa tatu maji chini ya daraja la kijiji chetu ni mekundu, samaki wamekufa, na hizi hapa picha” ni kitu ambacho mbunge anaweza kumsomea waziri.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Hakuna mtu anayepaswa kushtakiwa kwa kufanya hivyo.

Ndugu zetu wa Haut-Katanga na Lualaba wana jambo lingine la kufuatilia. Kanuni ya Madini inadai kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka, na asilimia 15 ya ushuru wa madini iende kwa mji, sekta au usultani mahali mgodi ulipo. Muulizeni mbunge wenu wa jimbo: pesa hizo ni ngapi mwaka huu, na zimejenga nini?

Tunajua kwamba si mahali pote milango iko wazi. Kivu ya Kaskazini na Ituri zimekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na mabunge ya majimbo hayo yakasimamishwa. Vita vimewafukuza wengi, na kuuliza maswali kwa sauti kunaweza kumletea mtu hatari. Hatumwambii mtu yeyote atupe maisha yake. Lakini hata pale, tunaweza kuandika tunachokiona: siku mvua iliponyesha, mlima ulioporomoka, miti iliyokatwa ili kuchoma makala, majina ya waliokufa. Siku milango itakapofunguka, mwenye daftari ndiye atakayesikilizwa.

Nyamukubi hawakuwa na daftari la mvua. Parokia moja yenye shule inaweza kuanza nalo wiki hii: chombo cha kukinga maji, rula, na mwanafunzi mmoja wa kuandika kila asubuhi. Halitachukua nafasi ya kazi ya serikali. Lakini mbunge wetu akija likizo, tutamwekea daftari hilo mezani na kumuuliza: sisi tumepima yetu, serikali yenu imepima nini?