Ahadi ya Julai: mwanafunzi wa Mafia na msimu uliopotea



Ndugu msomaji, katika kisiwa cha Mafia kazi ya likizo ya mwanafunzi wa chuo mara nyingi haipatikani kwa barua ya maombi, bali hupatikana kwa neno. Kijana anayesoma Dar es Salaam humwendea msimamizi wa hoteli ya Utende, au mwenye boti wa Kilindoni, akaambiwa: "Njoo Julai, kazi ipo." Basi. Kwa neno hilo moja mama huchukua unga na sukari dukani kwa daftari, baba huahirisha kuuza kipande cha shamba la minazi, na kijana mwenyewe hukopa nauli ya kufika Nyamisati na ya boti ya kuvukia.

Julai ina sababu yake. Hoteli nyingi za Utende hufungwa wakati wa masika, Aprili na Mei, kisha hufunguliwa Juni. Vyuo navyo huwa vinakaribia likizo ndefu, na watu wa Ulaya huwa katika mapumziko yao ya kiangazi (kwetu huo ndio wakati wa kusi na baridi, lakini mgeni haulizi). Huja kuzamia katika Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Kijana anayejua Kiingereza na aliyezoea maji hapo ana nafasi: hupokea wageni, hutafsiri, hubeba mitungi ya hewa, humsaidia nahodha.

Ulipofika mwaka 2020, mpango huo ulivunjika. Tarehe 16 Machi alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku ya pili yake serikali ikatangaza kufungwa kwa shule, na tarehe 18 vyuo. Tarehe 12 Aprili ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa. Anga ilifunguliwa tena tarehe 18 Mei na vyuo tarehe 1 Juni, na masomo yakasogea mbele ili kufidia wiki zilizopotea. Tazama basi hali ya kijana wetu: alikuwa nyumbani wakati wa masika, hoteli zimefungwa, ulipofika wakati wa kazi, alikuwa darasani. Na hata angekuwapo, wageni hawakuwapo. Watalii walioingia Tanzania mwaka 2019 walikuwa 1,527,230; mwaka 2020 walikuwa 620,867, na hesabu hiyo ina Januari na Februari ndani yake, kabla maradhi hayajatangazwa hapa.

Ama kuhusu haki ya kijana huyu, wanachuoni wametofautisha mkataba wa ujira na ahadi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, ijara ni mkataba unaofunga pande zote mbili, wala hauvunjiki kwa sababu tu mwajiri amepatwa na udhuru wake. Mahanafi wao wameruhusu kuuvunja kwa udhuru. Lakini ili pawepo ijara, lazima ujira ujulikane na muda ujulikane. "Njoo Julai" haina ujira wala muda. Hiyo ni ahadi, na wanachuoni walio wengi wanaona kuitimiza ni jambo linalopendeza mno, ila kadhi hamlazimishi mtu kwayo. Kwa hiyo mwenye hoteli hakudaiwa kitu, na mwenye duka alibaki na daftari lake. Hasara yote ilimwangukia aliye mdogo kuliko wote.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wazazi wanaosema kwamba ulikuwa ni mtihani tu, na kijana avumilie. Mtihani haukuwa wa kijana peke yake. Unga uliliwa na nyumba nzima, basi na deni libebwe na nyumba nzima; na ikiwa kijana alitoka na kaka zake kwenda kutafuta pweza wakati wa bamvua, asiambiwe kwamba chuo hakikumfaa. Mwenye duka naye anaijua amri ya kumpa muhula mdaiwa mwenye dhiki, imo katika Suratul Baqara, aya ya 280. Muhula si kusamehe, lakini humwezesha mtu kurudi chuoni bila kujificha njiani.

Wageni wamerejea. Mwaka 2023 walioingia nchini walikuwa 1,808,205, kuliko hata mwaka 2019, na vijana wanaendelea kutegemea kazi za msimu. Mzazi aliye na mtoto chuoni na amwombe mwajiri karatasi moja tu, kabla ya kukopa chochote, iandikwe mbele ya mashahidi wawili: siku ngapi, ujira kiasi gani, chakula na malala ni juu ya nani, siku zilizokwisha kufanyiwa kazi zitalipwa lini, na msimu ukifungwa ghafla, nauli aliyokwisha kuitoa kijana itarudishwa na nani.