Kila asubuhi natangaza 5-1, na mimi ni Simba

KILA asubuhi, kabla sijanywa chai, natangaza kipigo cha timu yangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hivi Yanga na Sunderland wanacheza lini?"

"Wameshacheza, babu. Yanga wameshinda tano kwa moja."

Anatulia kidogo, kama mtu anayehakikisha kuwa amesikia vizuri. Halafu anajipiga kofi pajani. "Tano! Si nilikwambia? Nani kafunga?"

Namtajia. Kennedy Musonda moja, Max Nzengeli mawili, Stephane Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua moja kwa penalti. Hakuna hata mmoja anayemjua, wala hajali. Anahesabu kwa vidole tu mpaka mkono unajaa, kisha anacheka hadi machozi yanamtoka.

Mechi hiyo ilichezwa Novemba 5, 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wasomaji wa Simba mnaikumbuka vizuri kuliko mnavyotaka. Kibu Denis alisawazisha mapema, tukaenda mapumziko 1-1, tukaamini. Kipindi cha pili yakatukuta yaliyotukuta. Wenzangu mlipigwa tano siku moja, mkalala na njaa, mkaamka, maisha yakaendelea. Mimi nimepigwa tano mamia ya mara, na kila mara natabasamu.

Babu yangu, mzaa mama, ana miaka 80 na ushee. Ana dimenshia, ugonjwa unaokula kumbukumbu. Jana yake haipo. Leo yake inavuja. Ila mwaka 1968 upo wote.

ALIPOISHIA

Mnaweza kujiuliza kwa nini anasema Sunderland. Vijana wengine hawajui: hilo ndilo lililokuwa jina la Simba hadi mwaka 1971. Juni 1, 1968, Yanga iliifunga Sunderland mabao 5-0. Maulid Dilunga alifunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, Kitwana Manara moja. Babu wakati huo alikuwa kijana, fundi cherehani Kariakoo, na anasema siku iliyofuata hakushona nguo hata moja. Kazi ilikuwa kupita kwenye vibaraza vya watani na kuwasalimia.

Nimekua nikiisikia hadithi hiyo. Mimi ni Simba kwa baba, yeye ni Yanga tangu ujana wake, na juu ya hapo ni babu na mjukuu, watani kwa mila. Kwa hiyo nyumbani kwetu Temeke dabi ilikuwa inachezwa mwaka mzima. Akinitajia 1968, namrudishia Julai 19, 1977, siku Simba ilipoipiga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akiweka kambani matatu peke yake. Hapo alikuwa anavaa kofia yake na kusema anawahi msikitini, hata kama ni saa nne asubuhi.

Kisha tukaanza kuona vitu. Mkasi wake tukaukuta kwenye jokofu. Swali moja analiuliza mara nne ndani ya chai moja. Siku moja alitoka msikitini, njia ya dakika tano aliyoipita miaka 30, akapotea.

Tulisema ni uzee. Jirani akasema karogwa, akataja na mtaa wa mganga. Miezi ikapita hivyo, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma. Daktari alipomwona alituambia kitu ambacho ningependa kila familia ikisikie mapema: kusahau kwa namna hii si sehemu ya kawaida ya kuzeeka, na si uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nao, na aina inayoongoza ni ule unaoitwa Alzheimer. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Zipo za kupunguza baadhi ya dalili, na upo utaratibu wa kumwangalia mgonjwa aishi vizuri.

Daktari alieleza pia kwa nini babu anaijua 1968 na hajui alichokula mchana. Mara nyingi ugonjwa huanza na kumbukumbu mpya, za zamani zikabaki kwa muda mrefu zaidi. Fikiria daftari linalochanwa kurasa kuanzia nyuma. Kurasa za mbele ndizo za mwisho kuchanwa, na kwa babu kurasa za mbele ni za kijani na njano.

HATA MAGWIJI

Mpira wenyewe unaujua ugonjwa huu. Gerd Müller, aliyeifungia Ujerumani Magharibi mabao 68 katika mechi 62, aliugua Alzheimer. Bayern Munich walitangaza hivyo mwaka 2015, na alifariki Agosti 2021. Sir Bobby Charlton, bingwa wa dunia wa 1966 na England, ilitangazwa mwaka 2020 kuwa ana dimenshia. Alifariki Oktoba 21, 2023, wiki mbili tu kabla ya ile 5-1 yetu. Kaka yake Jack, waliyecheza naye fainali ile, naye alikuwa nayo.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichunguza rekodi za waliokuwa wachezaji wa kulipwa wa Scotland. Wakakuta uwezekano wao wa kufa kwa magonjwa ya ubongo ya aina hii ni mara tatu na nusu ya watu wengine. Kupiga mipira ya vichwa kunashukiwa sana, ndiyo maana mwaka uliofuata watoto wa shule za msingi England, Scotland na Ireland Kaskazini waliondolewa mazoezi ya vichwa.

Babu yangu hakuwahi kupiga kichwa mpira wowote zaidi ya ule wa makaratasi. Nayataja haya kwa sababu nyingine. Huko huko Scotland upo mpango unaowakusanya wazee wenye dimenshia kuzungumza soka. Watu wa kujitolea wanaweka mezani picha za timu za zamani, wazee wanaanza kutaja majina. Mtu aliyekaa kimya wiki nzima anakutajia winga wa mwaka 1955.

Nilipoisoma habari hiyo nikaona hata sisi tunaweza, bila mradi wala bajeti. Nikatafuta picha za Yanga ya zamani, nikazichapisha kubwa, nikazibandika ukutani kando ya kitanda chake. Siku hiyo babu alizungumza saa nzima. Bibi alikaa mlangoni anasikiliza, akasema, "Huyu ndiye niliyeolewa naye."

NILIVYOMPIGA SITA

Sasa niungame kosa langu.

Siku moja, mwanzoni, nilimtania kama zamani. "Babu, 1977 je? Sita bila."

Sikujua kuwa ule ukurasa alikuwa ameshaupoteza. Kwake ilikuwa habari mpya kabisa. Uso ulimwanguka. "Sita? Yanga?" Dakika 10 baadaye alikuwa amesahau nilichosema, lakini huzuni haikuondoka. Alikaa kibarazani mpaka magharibi, chakula hataki, ukimuuliza una nini anasema, "Sijui. Moyo mzito tu."

Baadaye nilikuta utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, wa mwaka 2014. Wagonjwa wa Alzheimer walionyeshwa filamu za kusikitisha na za kufurahisha. Baada ya muda mfupi wengi hawakukumbuka walichokiona, lakini huzuni au furaha iliendelea kukaa nao. Matokeo yanafutika, hali ya moyo inabaki.

Ndiyo maana siku hizi natangaza 5-1. Najua saa nne atakuwa ameisahau. Lakini asubuhi yote atakuwa anaimba peke yake, uji atakunywa, na akiambiwa akaoge hatagombana na mtu. Kwa raha ya namna hiyo, Simba yangu iache ipigwe.

MAMA YUKO WAPI?

Somo hilo lilikuja kutufaa kwenye jambo zito zaidi ya mpira.

Mama yangu ndiye aliyekuwa nguzo ya babu. Anamwogesha, anampa dawa, analala chumba cha pili mlango wazi. Kisha yeye mwenyewe akakutwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, akapata dawa, halafu ikaja mionzi pale Ocean Road, siku tano za wiki, wiki baada ya wiki. Akawa anaondoka alfajiri na kurudi amechoka, haongei.

Babu akaanza kuuliza, "Mama yuko wapi?"

Mama yangu alipewa jina la mama mzaa babu, kwa hiyo tangu azaliwe babu anamwita mama. Sasa akiuliza hivyo hatujui anamtaka yupi, binti yake au mama yake aliyezikwa miaka mingi iliyopita. Mara ya kwanza dada yangu alimjibu ukweli wote: mama anaumwa, yuko hospitali. Babu alilia. Baada ya nusu saa akauliza tena, akajibiwa tena, akalia upya kama hajawahi kusikia. Siku moja alipokea habari ile mbaya mara sita. Sita bila, kwa mara nyingine.

Jioni tukakaa kikao. Mjomba alisema kumficha mzee si adabu. Dada akasema kumliza kila nusu saa ndiyo adabu? Bibi ndiye aliyemaliza kikao. "Mwambieni ametoka, atarudi jioni. Si ndivyo ilivyo?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni alirudi. Hakuna aliyesema uongo, na babu akapata usingizi.

Zamu tukagawana kama kikosi. Dada asubuhi, bibi mchana, mimi nikitoka kazini, mjomba wikiendi. Kabla ya hapo mama alicheza dakika 90 peke yake kila siku bila mtu wa akiba, na sisi tulikuwa tunashangilia tu jukwaani. Kama kwenu kuna mgonjwa wa namna hii, mtazame na anayemuuguza. Usisubiri aanguke ndipo uvue suruali ya jinzi na kupasha misuli.

SIKU YA DABI

Nyumba yetu haiko mbali na uwanja. Siku za dabi mavuvuzela yanaanza mapema na umati unapita mlangoni. Siku moja babu aliusikia, akatoka na jezi yake, akaufuata. Tulipogundua, alikuwa ameshapotea katikati ya maelfu.

Nilikuwa ndani ya uwanja kikazi. Simu ikaita, namba siijui. "Kaka, tuna mzee hapa getini. Amevaa jezi ya Yanga, ndani ya kola kuna namba hii."

Namba ile aliishona bibi, kwa cherehani ya babu mwenyewe. Nilimkuta amekaa kwenye kreti la soda. Kijana mwenye jezi nyekundu amemshika mkono, mwingine wa kijani anamnywesha maji. Kumbe babu alikuwa anawaeleza kikosi, kwamba leo Dilunga anaanza. Wala hawakumbishia. Yule wa Simba akaniambia, "Bro, mzee katuchambua sana. Anasema hatutoboi." Wote wawili walikosa dakika 20 za kwanza kwa ajili yake. Majina yao sikuuliza, nilichanganyikiwa. Kama mnasoma hapa, asanteni. Kwetu mnadaiwa pilau.

Watu huniuliza, unaishije na matumaini wakati unajua babu hatapona? Huwa nawajibu kishabiki. Sisi tunaofuata mpira wa nchi hii tulisubiri miaka 39, kutoka AFCON ya Lagos 1980 hadi ile siku ya Machi 2019 tulipoifunga Uganda 3-0 na kurudi tena. Katika miaka yote hiyo hatukuacha kwenda uwanjani. Ulikuwa hujui lini utafuzu. Ulikuwa unajua tu kuwa Jumamosi kuna mechi, na inaweza kuwa nzuri. Kwa babu ndivyo tunavyoishi. Kufuzu hakupo. Asubuhi nzuri zipo, na tunazichukua zote.

Mama alimaliza mionzi. Nywele zinarudi, anapaka hina kidogo kidogo. Anahudhuria kliniki kwa ratiba, na kila ikikaribia hakuna anayelala vizuri, lakini asubuhi ameanza tena kukaa na babu kibarazani. Juzi babu alimtazama muda mrefu.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Nilitoka kidogo, baba. Nimerudi."

"Haya. Yanga wamefanyaje?"

Mama, Yanga damu, akanigeukia mimi nikiwa na kikombe mkononi. "Muulize mtani wako."

Nikatangaza. Tano kwa moja, babu. Wakapigiana mikono wote wawili, mimi nikanywa chai yangu kimyakimya.

Najua ipo siku Simba itazirudisha zile tano. Siku hiyo nitaomba ukurasa huu wote, nitaandika mpaka mhariri achoke. Ila babu sitamwambia.