Treni ya Kiganjani Ikigoma, Usiifungue!

Je, wajua kuna garimoshi ambalo kichwa chake chaenea kwenye kiganja cha mtoto? Mnamo 1972, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilitoa treni za kuchezea zilizo ndogo mara 220 kuliko treni halisi. Reli zake zimeachana kwa milimita 6.5 tu.

Zinapendeza, lakini zina kero moja: huenda, zikasimama ghafla, zikaenda tena. Wengi hudhani mota imeungua, wakashika bisibisi na kuiharibu kabisa. Usiharakishe. Mara nyingi mkosaji ni uchafu.

Umeme hutoka kwenye reli, ukapitia magurudumu hadi kwenye mota. Treni kubwa zaidi za kuchezea hukanyaga uchafu kwa uzito wake. Hii ni nyepesi mno. Chembe ya vumbi yatosha kukata umeme.

Ufanye nini basi? Kwanza, zima umeme, kisha pangusa reli na magurudumu kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo. Usitumie msasa, kwani mikwaruzo huficha uchafu. Pili, tia mafuta kwa ncha ya sindano. Yakizidi hudondoka relini na kunasa vumbi. Tatu, hakikisha reli zimelala sawa na viungo vimeshikana. Njia ikiwa ndefu, unganisha nyaya za umeme mahali kadhaa. Mwisho, iendeshe mara kwa mara, maana ikikaa kabatini mafuta huganda.

Mdharau mwiba mguu huota tende, na hapa mwiba ni vumbi.