Ngumi Huanzia Miguuni

Tarehe 8 Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni mjini Birmingham, Uingereza, huku wenyeji wakimhesabu kuwa mtu wa kupita tu, akammaliza Sam Eggington katika raundi ya pili. Vijana wa huku kwetu Kyela bado wanalitazama pambano lile kwenye simu, na kila wakilirudia macho yao hayabanduki kwenye mikono. Nikiwa karibu huwaomba walirudie tena wakitazama miguu peke yake. Konde halifiki mahali ambapo miguu haijafika, na hilo ndilo somo la kwanza la ngumi, iwe mtu anataka ubingwa au anataka tu kupunguza tumbo na kutembea bila hofu.

Nchi hii ina historia ya ngumi za ridhaa ambayo haisimuliwi vya kutosha. Mwaka 1970 Titus Simba alirudi na medali ya fedha ya uzito wa kati kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh. Aliyemshinda kwenye fainali, John Conteh, alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1974. Michael Yombayomba akaleta dhahabu ya uzito wa bantam kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Mwaka 2022 Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walipata shaba, kila mmoja katika uzito wake, Birmingham kwa mara nyingine. Ninawataja kwa heshima, kwa sababu wote walipita njia ya ridhaa, raundi tatu tatu, ambako anayesonga mbele ni mwenye mbinu na pumzi. Mbinu hizo hizo ndizo zinazomfaa mtu wa kawaida.

Mkulima anayepalilia mpunga Kajunjumele na mvuvi anayevuta nyavu Ikombe hawana upungufu wa mazoezi. Ninaowafikiria hapa ni dereva wa bodaboda anayekaa kitini kutwa, mwalimu wa sekondari, mama mwenye duka Ipinda, karani wa mpakani Kasumulu. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate kila wiki angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, au 75 za mazoezi ya nguvu. Ruka kamba dakika 10, kisha fanya raundi sita za ngumi, kila moja dakika tatu, ukipumzika dakika moja kila baada ya raundi. Ukifanya hivyo mara tatu kwa wiki umelipita lengo hilo la dakika 75, na bega, kiuno, mapaja na moyo vyote vimefanya kazi.

Sasa miguu. Anayetumia mkono wa kulia huweka mguu wa kushoto mbele, nyayo zikiachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, kisigino cha nyuma kimeinuka. Kidevu chini, viwiko karibu na mbavu, mikono usawa wa mashavu. Kwenda mbele, mguu wa mbele hutangulia na wa nyuma hufuata. Kurudi nyuma, wa nyuma hutangulia. Kwenda kushoto, wa kushoto huanza. Miguu haipishani kamwe, kwa maana ukiguswa wakati imepishana utaanguka hata kwa kusukumwa na mtoto. Chora mstari ardhini, simama mguu mmoja kila upande wake, kisha sogea mbele na nyuma bila kuukanyaga mpaka kijasho kikutoke. Inachosha kuliko inavyosikika. Mwanafunzi akishaweza hilo, mimi humkutanisha na mwenzake wacheze kugusana mabega kwa viganja vilivyo wazi: gusa, usiguswe. Hapo ndipo mtu anapoanza kuhisi umbali, yaani hatua ile moja inayotenganisha kupigwa na kutopigwa.

Wengi hupenda kufanyia haya ufukweni Matema kwa sababu ni kuzuri na milima ya Livingstone inatia kivuli cha asubuhi. Nashauri uangalifu. Mchanga mkavu humeza unyayo, na ngumi ya mkono wa nyuma inahitaji unyayo uzunguke ili kiuno nacho kizunguke; mguu ukiwa umezama, kinachojipinda badala yake ni goti. Kimbia mchangani ukitaka, huimarisha mashavu ya miguu, ila hatua za ngumi zifanyie kwenye ule ukanda wenye unyevu ulioshikamana karibu na maji, au bora zaidi kwenye uwanja wa shule wenye udongo ulioshindiliwa.

Mkono huja baadaye, na huja na hatari yake. Mifupa ya kiganja ni myembamba. Ule unaoshuka kutoka kidole kidogo huvunjika mara nyingi kwa watu wanaopiga ovyo, kwa kuwa ngumi yao hutua upande huo. Ngumi sahihi hutua kwa vifundo viwili vikubwa, cha kidole cha shahada na cha kati, kiganja kikiwa kimenyooka na kigasha, kidole gumba kikiwa nje, kimelala juu ya vidole. Kabla ya kuvaa glavu, funga bandeji. Ya mtu mzima huwa na urefu wa karibu mita nne na nusu. Kitanzi huingia kwenye gumba, bandeji hupita nyuma ya mkono, huzunguka kifundo cha mkono mara tatu au nne, hupanda na kuzunguka vifundo vya vidole mara tatu, hupita katikati ya vidole kimoja kimoja, hurudi kwenye gumba, na humalizikia tena kwenye kifundo cha mkono. Ukikunja ngumi bandeji ibane. Ukifungua vidole ilegee. Vidole vikigeuka rangi au kufa ganzi, fungua uanze upya. Aliyekosa bandeji ya ndondi anaweza kutumia ile ya kunyumbuka inayouzwa duka la dawa, akashona kitanzi mwenyewe.

Begi la mazoezi halihitaji kuagizwa Dar es Salaam. Kosa ninaloliona sana ni kiroba kilichojazwa mchanga mtupu. Mchanga hushuka chini na kukaa kama jiwe. Baada ya wiki chache nusu ya chini inavunja mikono na nusu ya juu imelegea. Sisi tuna pumba za mpunga kwenye kila mashine ya kukobolea. Chukua viroba viwili, kimoja ndani ya kingine, ujaze matambara ya nguo zilizochakaa, ukiongeza pumba kila tabaka na kushindilia kwa mchi. Uzito ukiwa mdogo, tia mfuko mdogo wa mchanga katikati kabisa, ukizungukwa na matambara pande zote, usifike ukingoni. Ning'iniza kwenye tawi nene la mwembe, katikati ya begi ikae usawa wa kifua chako. Lishushe na kuliingiza ndani mvua za Machi hadi Mei zinapopamba moto, maana pumba zikilowa huota ukungu na ukungu huo huuvuta kila unapopiga.

Hewa yetu nayo ina sheria zake. Tuko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, joto na unyevu vikiwa pamoja, tofauti kabisa na baridi ya Tukuyu huko juu. Unyevu ukiwa mwingi jasho halikauki mwilini, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kwa hiyo fanya mazoezi alfajiri au jua likishazama, kunywa maji kabla ya kiu, na usimwige anayejifunga mifuko ya plastiki ili atoe jasho zaidi. Hapunguzi mafuta hata kidogo. Anapoteza maji na kujitafutia kuzimia. Aliyetoka jasho jingi achanganye lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mwenye homa apumzike akapime malaria. Homa haifukuzwi kwa kamba.

Ninafika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kuna walimu wanaomvisha mgeni glavu siku ya kwanza na kumsimamisha mbele ya mzoefu ili aonje. Anachoonja ni mtikisiko wa ubongo. Ubongo umeelea ndani ya fuvu, na kichwa kikipigwa ghafla huyumba na kugonga ukuta wake. Maumivu ya kichwa, kutapika, kusahau, usingizi usio wa kawaida, kuona mawili mawili: mwenye dalili hizi apelekwe hospitali, na asirudi mazoezini mpaka daktari aseme. Kofia ya kinga hupunguza michaniko ya ngozi, lakini haiuzuii ubongo kuyumba. Anayejifunza kwa ajili ya afya hana sababu yoyote ya kupigwa kichwani. Begi, kupigana na kivuli, padi za mwalimu na mchezo wa kugusana mabega vinatosha miaka yote ya maisha yake. Akitaka mashindano, hiyo ni njia nyingine, na aiingie kupitia ngumi za ridhaa zenye daktari na mwamuzi.

Na kujilinda je? Kijana huniuliza, "Mwalimu, nitaweza lini kumpiga mtu?" Humjibu kwamba nitajua ameiva siku atakapoacha kuuliza hivyo. Ngumi humpa mtu vitu vitatu vya kweli barabarani: mizani, jicho linalopima umbali, na akili isiyoganda anapofokewa. Hazina jibu kwa panga wala kisu, wala kwa watu watatu, wala kwa aliyekukumbatia kutoka nyuma. Mwenye silaha mwachie simu yako. Ukilazimika kupiga bila glavu, fuvu la mtu ni gumu kuliko vifundo vyako, kwa hiyo tumia kitako cha kiganja, kisha ondoka mbio huku ukipiga yowe. Na kama ngumi yako imekatwa na meno ya mtu, hata kidogo tu, wahi zahanati siku hiyo hiyo. Bakteria wa mdomoni huingia kwenye kiungo cha kidole, na kidonda kilichoonekana mkwaruzo kinaweza kumlemaza mtu mkono.

Sheria nayo ijulikane. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujilinda mwenyewe, kumlinda mwingine na kulinda mali. Kanuni hiyo hiyo inaweka mpaka: utumie nguvu inayohitajika kwa kinga hiyo, na ukizidisha utawajibika kwa kosa lililotokea. Mtu akishaanguka au akishageuka kukimbia, kinga imekwisha. Konde linalofuata ni shambulio, na bondia hatahurumiwa kwa sababu anajua kupiga. Wewe ukiumizwa, pitia polisi uchukue fomu ya PF3 kabla ya matibabu kama hali inaruhusu, maana bila karatasi hiyo kesi huwa ngumu.

Wanawake wanaongezeka kuuliza habari hii, na ninafurahi. Ngumi za wanawake ziliingia Olimpiki London mwaka 2012, na hakuna kitu katika mwili wa mwanamke kinachomzuia kujifunza hatua, kukinga na kupiga. Lakini niseme wazi kwa dada au mama anayepigwa nyumbani: usije kwangu kujifunza ili umrudishie mumeo. Hasira ya mtu unayelala naye chumba kimoja haimalizwi na konde la kushoto, huongezeka. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, wahusishe wazazi na majirani. Mazoezi yaje baadaye, kwa ajili yako mwenyewe.

Mwenye umri unaozidi miaka 40, mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua, apime kwanza kituo cha afya kilicho karibu. Mengine yote yanaweza kuanza wiki hii: kamba, mstari ardhini na mwenzako mmoja wa kugusana naye mabega. Kaeni mwezi mzima hapo kabla ya kuligusa begi. Na mwalimu atakayekutaka upigane siku ya kwanza, mshukuru, uchukue kamba yako, utafute mwingine.