Abiria wa meli ya kitalii anashuka ameshiba: Mfanyabiashara amuuzie nini?

MELI kubwa ya kitalii inapofunga gati Mombasa au Dar es Salaam, hesabu inayomjia haraka mfanyabiashara mdogo ni ya matumbo. Watu elfu mbili wanashuka, na kila mmoja lazima ale. Anaongeza mishikaki, anaagiza madafu, anakata maembe. Jioni meli inaondoka na sehemu kubwa ya mzigo imebaki mezani.

Hesabu hiyo ina kasoro moja. Abiria wa meli ya kitalii alishalipia chakula chake pamoja na nauli, pengine miezi kadhaa kabla ya kuiona Afrika Mashariki. Amestaftahi kabla ya kushuka, na hata akirudi melini saa tisa alasiri atakuta chakula kinamsubiri. Anayetaka kufanya naye biashara inafaa ajue kwanza jinsi meza ya meli inavyoendeshwa, na nguo gani zinatakiwa mezani hapo. Akijua hayo, ataona mgeni huyu anahitaji nini na hahitaji nini.

Karakana moja, meli mbili

Mfano wa karibu ni Norwegian Dawn, meli iliyofika Mombasa na Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2024 ikiwa na abiria zaidi ya 2,000. Ina urefu wa karibu mita 294 na ilikamilika mwaka 2002 katika karakana ya Meyer Werft, mjini Papenburg, Ujerumani.

Karakana hiyo ndiyo iliyounda, mwaka 1913, meli ya Graf von Goetzen, ambayo wafanyabiashara wa Ziwa Tanganyika kuanzia Kigoma hadi Mpulungu wanaijua kwa jina la Liemba. Meli hizo mbili zimetoka kwenye mikono ya fundi mmoja, lakini namna zake za kulisha watu ni tofauti. Ndani ya Liemba, tiketi ilikuwa ya safari, na daraja la kwanza, la pili au la tatu liliamua utalala wapi. Chakula kilikuwa juu ya abiria mwenyewe: alibeba chake, alinunua melini, au alingoja mitumbwi iliyosogea ubavuni na samaki na mikate. Ndani ya Norwegian Dawn, chakula kimo ndani ya nauli.

Meza ya bure na meza ya kulipia

Meli za aina hii huwa na kumbi za chakula za namna mbili. Za kwanza ni zile zilizomo kwenye nauli. Ndani ya Norwegian Dawn kuna kumbi kubwa zenye wahudumu, kama Venetian na Aqua, ambako abiria huketi, huletewa orodha ya vyakula na kuhudumiwa mezani. Kuna pia bafe ya Garden Café, ambako kila mtu hujipakulia asubuhi, mchana na jioni. Mlangoni mwa bafe husimama mfanyakazi mwenye dawa ya kusafisha mikono, kwa sababu ugonjwa wa kuhara na kutapika ukiingia ndani ya meli husambaa haraka.

Kumbi za pili ni za kulipia zaidi. Humo mna Cagney's, ya nyama ya kuchoma kwa mtindo wa Kimarekani. Le Bistro, ya mapishi ya Kifaransa. La Cucina, ya Kiitaliano. Na Teppanyaki, ambako mpishi hukaanga mbele ya wateja. Nafasi huwekwa mapema, na gharama huandikwa kwenye akaunti ya chumba cha abiria. Vinywaji vingi, hasa pombe, navyo vina bei yake, na juu ya hayo kuna tozo ya huduma ya kila siku.

Mfanyabiashara ana la kujifunza hapo. Kampuni ya meli haimwachi mteja na njaa hata dakika moja. Inamhakikishia chakula cha kawaida, halafu inapata fedha kwa kumuuzia kile ambacho ni tofauti na cha jana. Abiria mwenye sahani iliyojaa bado hulipa ili ale mahali pengine, kwa ajili ya ladha mpya au sherehe ya ndoa yake. Muuzaji wa gatini anayeleta chakula cha kushibisha anashindana na jiko linalofanya kazi mchana kutwa. Anayeleta kitu kisichopatikana melini hana mpinzani.

Wenye masharti ya chakula, wakiwemo wasiokula nyama na wanaodhurika na karanga au maziwa, hutakiwa kuiarifu kampuni kabla ya safari. Hilo lina maana pia kwa mfanyabiashara wa ukanda huu anayefikiria kupanda meli kama hizo kwa mapumziko: suala la halali huulizwa wakati wa kununua tiketi, maana jiko la meli hupanga mahitaji yake mapema.

Suti, kaptura na usiku wa gala

Kuhusu mavazi, kampuni za meli zimegawanyika. Norwegian Cruise Line, wenye Norwegian Dawn, walianzisha mwaka 2000 utaratibu wa kumwacha abiria ale saa anayotaka, na yeyote anayetaka, bila kupangiwa meza wala kulazimishwa suti. Mchana watu huvaa kaptura na fulana. Jioni, Le Bistro na ukumbi mmojawapo mkubwa huomba wanaume wavae suruali ndefu na shati lenye kola, na jinzi safi inakubalika. Nguo za kuogelea, singlendi, kofia za michezo na kandambili haziingii kwenye kumbi hizo.

Upande wa pili wako Cunard, kampuni ya Uingereza yenye Queen Mary 2, meli iliyoanza kazi mwaka 2004. Humo chumba ulicholipia ndicho kinachoamua ukumbi wako wa chakula. Wenye vyumba vya juu kabisa hula Queens Grill, wanaofuata hula Princess Grill, na walio wengi hula Britannia, ukumbi mkubwa wenye zamu mbili za chakula cha jioni: saa kumi na mbili na saa mbili na nusu usiku. Kuanzia saa kumi na mbili jioni abiria hutarajiwa kuvaa nadhifu.

Katika safari ya usiku 7 kati ya Southampton na New York, kwa kawaida usiku 2 ni wa gala. Hapo wanaume huvaa koti la jioni au suti nyeusi, pamoja na tai ya kawaida au ya kipepeo, na wanawake huvaa gauni la jioni au suti ya heshima. Asiyetaka kujipamba hafukuzwi. Anaelekezwa kwenye bafe ya Kings Court au baa ya Golden Lion, ambako masharti ni mepesi.

Usiku wa gala hupangwa zaidi siku ambazo meli iko katikati ya bahari. Siku ya bandari watu hurudi wamechoka na jua, na wengi hawana hamu ya kufunga tai. Kwa hiyo nguo inayonunuliwa bandarini leo inaweza kuvaliwa mezani kesho au keshokutwa, mbele ya watu mamia wanaoangaliana.

Vazi la taifa ni vazi rasmi

Ndani ya masharti ya Cunard kuna kifungu ambacho wauza nguo wa Afrika Mashariki wangefaa kukijua: vazi rasmi la taifa linakubalika usiku wa gala, sawa na suti. Mskoti huingia na sketi yake ya kilti. Kwa kigezo hicho hicho, kanzu na koti vinaingia, gomesi ya Uganda inaingia, na mushanana ya Rwanda inaingia. Abiria kutoka ukanda huu hana haja ya kukodi koti la kigeni ili aheshimike mezani.

Kwa mgeni, soko liko kwenye vipande vidogo vinavyoipa nguo yake ya jioni sura mpya. Kumbi za chakula za meli zina kiyoyozi kikali, na mwanamke aliyevaa gauni lisilo na mikono hutafuta kitu cha kujifunika mabegani. Mtandio wa pamba, shali ya kikoi au kipande kizuri cha batiki kinafaa hapo. Dira na kaftani havina shida ya vipimo. Shati la kitenge lililokwisha shonwa, lenye kola, linamvusha mwanamume hadi kwenye ukumbi unaokataa fulana. Kitenge cha yadi sita ambacho hakijashonwa, kile ambacho akina mama wa Goma na Bukavu wangekiita kikwembe na kukipeleka kwa fundi wao, kwa abiria huyu ni kazi ngumu. Hana fundi, na meli inaondoka jioni.

Kuna pia mavazi yanayotarajiwa nchi kavu. Abiria wengi hushuka wakiwa wamevaa kwa ajili ya joto, mabega na mapaja wazi. Wakifika Mji Mkongwe wa Zanzibar au mitaa ya zamani ya Mombasa wanatakiwa kufunika mabega na magoti. Kanga mbili au kikoi kilichotundikwa karibu na mahali wanapopandia mabasi hutatua tatizo lao papo hapo, bila mtu kuwafokea. Muuzaji anayeweza kueleza maana ya jina la kanga anauza kanga pamoja na simulizi ambalo mgeni atalirudia mezani usiku ule.

Kinachorudi melini

Muda ni mfupi. Meli nyingi hufika asubuhi na kuondoka jioni, na abiria hutakiwa kuwa ndani kabla ya saa ya kuondoka. Wengi huchukuliwa na mabasi ya matembezi, kwa hiyo muda wao wa kununua ni mchache.

Mizigo yote hukaguliwa langoni mwa meli. Matunda mabichi, nyama, samaki, mimea na udongo kwa kawaida hukataliwa, kwa sababu za afya na kwa sheria za kilimo za nchi zinazofuata. Mapanga na visu huzuiwa. Chupa ya pombe mara nyingi hushikiliwa au kutozwa ada. Makombe ya baharini, matumbawe, pembe za ndovu na ngozi za wanyamapori vinaweza kumweka mnunuzi na muuzaji wote wawili mbele ya sheria. Kinachopita kwa urahisi zaidi ni kikavu kilichofungwa vizuri: kahawa iliyokaangwa, majani ya chai, karafuu, iliki, mdalasini. Kifungashio kiwe na jina la bidhaa na nchi ilikotoka. Mifuko ya plastiki isitumike: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019.

Malipo nayo yanahitaji maandalizi. Melini abiria hulipa kwa kadi ya chumba, na hushuka na noti chache za kigeni au kadi ya benki. Hana akaunti ya simu ya kwetu. Nchini Tanzania, kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kupokea malipo ya bidhaa za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo bei iandikwe kwa shilingi na mgeni aelekezwe kwenye duka la kubadilishia fedha.

Asili ya mzigo

Anayetoa vikoi Kenya kwenda Zanzibar, au kahawa Uganda na Rwanda kwenda Mombasa, ana nafuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo uliozalishwa ndani ya Jumuiya, wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, unaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani, bila ushuru wa forodha, iwapo umo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa. Kodi nyingine za ndani na masharti ya ubora hubaki palepale.

Neno la kuzingatia ni asili. Vitenge vingi sokoni vimechapishwa China au Uholanzi, na cheti hicho hakivihusu hata kama vimenunuliwa Kampala au Bujumbura. Mgeni naye huuliza swali lilelile la ofisa wa forodha: kimetengenezwa wapi? Kikoi kilichofumwa hapa, kikapu kilichosukwa hapa na kahawa iliyokaangwa hapa vina jibu fupi. Mwenye jibu hilo na cheti chake anapita mpakani kwa nafuu, na gatini ana sababu ya kutopunguza bei.

Meli za kitalii huja zaidi kati ya Novemba na Aprili, na ratiba zake hupangwa muda mrefu kabla. Mawakala wa meli na mamlaka za bandari huwa nazo. Mfanyabiashara anayeuliza mapema anapata wiki za kushona na kufungasha. Anayesubiri kusikia honi ya meli atabaki na maembe yake.